Sura ya Nne: Mashimo ya Kaa

Tope la delta ya Rufiji halina hewa. Lichimbe kwa mkono, kina cha kiganja tu, na rangi itageuka kutoka kahawia kuwa nyeusi, kisha harufu ya yai bovu itakupanda puani. Hiyo ni salfidi, inayotolewa na vijidudu vinavyoozesha majani mahali pasipo na oksijeni, na kwa mizizi ya miti mingi ni sumu. Juu ya tope hilo umesimama msitu wa mikoko wa takriban hekta 50,000, mkubwa kuliko mwingine wowote wa aina yake Afrika Mashariki, kuanzia vijiji vya pwani ya Kibiti hadi upande wa Mohoro kusini. Msitu mzima umesimama juu ya sumu, na haufi.

Miti yenyewe imejitafutia njia. Mkoko huteremsha mizizi ya matao kutoka juu ya shina ili sehemu kubwa ibaki hewani. Mchu huchomoza vipumulio vyake topeni kwa mamia, wima, urefu wa kalamu. Mkandaa na muia hupinda mizizi kama goti, ikatokeza juu kupumua na kurudi chini. Lakini mizizi peke yake haitoshi. Sehemu ya jibu iko kwenye matundu ambayo mtu akishuka mtumbwini pale Nyamisati maji yakiwa yamekupwa huyakanyaga bila kuyajali: mashimo ya kaa.

Shimo la kaa hushuka nusu mita na zaidi, likapinda, likakutana na la jirani. Maji yanapojaa huingia humo, yanapokupwa hutoka, na katika kuingia na kutoka huko huosha chumvi na salfidi na kupitisha hewa palipokuwa hapana. Mwaka 1991 Thomas Smith na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Queensland, Australia. Kwa muda wa mwaka mmoja waliwatega na kuwaondoa kaa katika vipande fulani vya msitu wa mikoko, na vipande vingine wakaviacha kama vilivyo. Palipoondolewa kaa, salfidi na amonia ziliongezeka topeni, miti ikapunguza kasi ya kukua, na uzazi wake ukashuka. Hakuna panga lililogusa shina wala mzizi. Walioondolewa ni kaa tu.

Wanaikolojia huwa na jina la kumpa mnyama wa namna hii, ambaye athari yake inapita sana idadi yake na uzito wake: kiumbe-nguzo. Mimi nitamfuata huyu kaa katika sura hii yote, kwa sababu ukimfuata yeye utakutana na karibu kila mwingine anayeishi deltani, mwanadamu akiwemo. Na utaona kwamba swali tunalopenda kuuliza kuhusu mnyama, kama ni rafiki au adui, halina jibu moja. Inategemea amesimama wapi, maji yana chumvi kiasi gani, na anayeuliza analima nini.

Tuanze na jani. Jani la mkandaa linapoanguka wakati maji yamekupwa, halikai chini muda mrefu. Kaa mwenye magando mekundu hutokeza mlangoni kwake, akasimama akipima hatari, macho yamesimama juu ya vijiti vyake. Kisha hutoka haraka, hulishika jani kwa gando moja, na hurudi nalo kinyumenyume hadi shimoni. Sehemu atakula, sehemu itabaki chini ya tope. Katika ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, ambako mikoko ni ya jamii zilezile za kwetu, watafiti wamewafuatilia kaa hawa kwa miongo kadhaa na kuona kwamba huteka sehemu kubwa ya majani yanayoanguka katika maeneo wanayoishi kwa wingi. Jani ambalo maji ya kupwa yangelichukua hadi bahari kuu hubaki msituni. Virutubisho vyake huurudia mti uliolidondosha, na kaboni yake hufukiwa. Tunapozungumza siku hizi juu ya thamani ya mikoko katika kuhifadhi kaboni, kaa hatajwi. Angetajwa.

Ila kaa hayuko peke yake kwenye jani. Yuko tondo, yule konokono mrefu mweusi ambaye wanawake wa pwani humwokota kwa kitoweo. Tondo mchanga hula utando wa juu ya tope. Akikua hugeukia majani. Huko huko Gazi imeonekana kwamba tondo hunusa jani linalotafunwa na mwenzake na kulifuata, na baada ya muda jani moja hufunikwa na kundi zima. Kundi hilo likishakaa juu yake, kaa hawezi tena kulivuta. Kaa naye ana haraka kuliko tondo, kwa hiyo mara nyingi jani huwa la aliyefika kwanza. Kisha wamegawana saa: kaa hutoka kula maji yakiwa yamekupwa, tondo hula yakiwa yamekupwa na hata yakijaa. Ushindani upo, lakini hakuna aliyemfukuza mwenzake, kwa kuwa bahari hubadilisha zamu kila siku.

Wapo hata kaa wasiosubiri jani lianguke. Katika miaka ya 1990 Mwitaliano Marco Vannini na Mkenya Renison Ruwa walieleza maisha ya kaa mdogo wa mtini, ambaye hupanda mkoko hadi kwenye matawi ya juu mara mbili kwa siku kula majani mabichi, na kushuka tena hadi mizizini. Kaa yuleyule hurudia tawi lilelile. Msitu wa mikoko una misafara yake ambayo macho ya abiria wa boti ya kwenda Mafia hayaioni.

Mpaka hapa mtu angedhani kaa ni mtumishi mwaminifu wa mti. Sivyo. Kaa huyohuyo anayeupa mzizi hewa humla mtoto wa mti. Mbegu ya mchu ni laini na haina uchungu mwingi, na kaa huipenda kuliko mche mrefu wa mkoko uliojaa tanini. Palipo na kaa wengi wa jamii hii, mbegu za mchu zinaweza kuliwa karibu zote kabla hazijashika mizizi. Wanaopanda mikoko wanalijua jambo hili kwa uchungu: unapanda leo, na baada ya siku chache unakuta vijiti vimekatwa sawasawa na usawa wa tope. Kwa hiyo kaa ni mmoja wa wanaoamua mti gani uote wapi. Mwingine ni chumvi. Ukiingia na boti kutoka baharini utapokewa na mlilana, unaostahimili mawimbi na tope changa. Nyuma yake mkoko, kisha mkandaa na mchu kwenye maeneo yanayofikiwa na maji ya bamvua tu. Ukizidi kupanda mto, maji yakianza kuwa baridi, wanaingia mkomafi na msikundazi. Mpangilio huo huonekana umetulia, lakini ni matokeo ya mivutano isiyokoma: nani anavumilia chumvi, nani anawahi mwanga, mbegu ya nani imeponea gandoni.

Na kuna kushirikiana kusiko na doa. Ua la muia limeinama chini, likiwa na kikombe chekundu, na ndani yake petali zimekunjika zikibana chavua kwa nguvu. Halifunguki kwa upepo. Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, akiingiza mdomo kutafuta asali, petali hupasuka ghafla na kumrushia chavua usoni. Anaondoka na uso uliopakwa hadi ua la pili. Ndege ameshiba, mti umepata mbegu. Nyuki nao hufuata maua ya mchu, na wenye mizinga kando ya mikoko hupata asali yao humo.

Sasa tushuke majini, maana hapo ndipo Watanzania wengi wanakutana na Rufiji bila kujua, kwenye sahani. Kwa miaka mingi takriban asilimia 80 ya kamba wanaovuliwa nchini wamehesabiwa kuwa wanatoka kwenye delta hii na bahari iliyo mbele yake. Kamba jike hutaga baharini, mayai kwa malaki. Viluwiluwi vyake huelea na mikondo, na baada ya wiki mbili tatu, vikiwa havizidi sana urefu wa ukucha, huingia kwenye hori na vijito vya mikoko. Humo hukaa miezi michache. Maji yakijaa, kamba wachanga huingia ndani kabisa kati ya mizizi, mahali ambapo samaki wakubwa hawapiti na maji machafu ya tope huwaficha. Yakikupwa hulazimika kurudi kwenye kijito, na huko samaki huwa wanawangoja. Kila kupwa na kujaa ni mtihani. Mvua za masika zinapoujaza mto, waliopona hutoka kwenda baharini, na wavuvi wa delta wanaujua msimu huo.

Husemwa mara kwa mara kwamba kamba hula majani ya mkoko. Usemi huo ni mwepesi mno. Uchunguzi wa isotopu za kaboni uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula cha kamba wachanga hutokana na vijimwani vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoota juu ya tope na majini, na mchango wa jani lenyewe huonekana zaidi karibu kabisa na miti. Jani humfikia kamba kwa njia ndefu: limepita kwenye tumbo la kaa, limekuwa kinyesi, limeshikwa na bakteria, limeliwa na minyoo na vidudu vya topeni, ndipo kamba akawala hao. Kaa ndiye anayelisaga. Mlolongo huu ndio wenye maana, kwa sababu unaonyesha kwamba huwezi kuukata katikati na kutarajia mwisho wake ubaki.

Nje ya midomo ya mto mambo yanaendelea. Ng'ambo, kwenye ghuba ya Kilindoni kisiwani Mafia, papa potwe huja karibu na pwani hasa kati ya Oktoba na Machi. Samaki mkubwa kuliko wote duniani anakuja kula uduvi. Kwenye majani ya baharini kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa wamebaki nguva wachache, na adui yao mkubwa ni jarife, ambamo hunaswa wakazama kwa kukosa pumzi. Bahari hiyo na delta pamoja ziliorodheshwa mwaka 2004 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa, eneo la karibu hekta 597,000. Tope linapokuwa wazi, sululu na chekeamwezi waliotoka kaskazini ya mbali hutembea juu yake wakichomoa kaa wadogo na minyoo. Mdiria huwinda kaa kutoka tawini. Kaa koko, yule mkubwa wa chakula, huwala jamaa zake wadogo na konokono, kisha naye huvutwa shimoni na mvuvi kwa chuma chenye ncha iliyopinda, akafungwa magando na kuuzwa akiwa hai.

Mwanadamu basi si mgeni katika jamii hii. Boriti za Rufiji zilijenga nyumba za pwani na za Ghuba ya Uajemi kwa karne nyingi, zikipakiwa kwenye majahazi yaliyorudi na upepo wa kusi, na maganda ya mkandaa yalitumika kutengenezea ngozi. Lakini uhusiano uliobadilisha sura ya msitu katika kizazi hiki si wa boriti. Ni wa mpunga.

Bonde la Rufiji lina kilimo chake cha kale, mlau, kinachofuata mafuriko: maji yanapoondoka na kuacha tope jipya, mkulima hupanda kwenye unyevu uliobaki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mto ulihamisha maji yake mengi kutoka matawi ya kusini kwenda ya kaskazini. Huko kaskazini, palipokuwa pa chumvi, maji baridi yakaanza kutawala masika. Wakazi wa delta waliona nafasi: kata mikoko, panda mpunga, na acha maji ya kujaa yasukume maji baridi ya mto hadi shambani. Ni ujuzi mkubwa wa kusoma maji, na nataka uheshimiwe kama ujuzi. Msimu unapofika familia huhamia mashambani na kuishi kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili maji yapite chini na ili kuulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe pori na viboko.

Na dhidi ya kaa. Shamba jipya la mpunga ni msitu uliokatwa jana, na wenyeji wake wa topeni hawajahama. Majani ya miti hayapo tena; kilichopo ni miche michanga ya mpunga, laini, isiyo na tanini. Kaa huikata usiku kucha. Mkulima anayeamka na kukuta safu nzima imelala juu ya maji hana sababu ya kumwita kaa nguzo ya kitu chochote. Ndiyo maana sumu iliingia deltani, DDT ikiwa mojawapo, na ndiyo maana sipendi kusikia mtu aliyeshiba akimlaumu mkulima huyo.

Tatizo liko kwenye mwili wa kaa. Kaa na kamba ni ndugu wa kundi moja, na wote wawili wana undugu na wadudu. Sumu iliyotengenezwa kuua wadudu huwaua kaa, na huwaua kamba kwa sababu ileile. Maji ya kupwa hayachagui cha kubeba. Sumu iliyomwagwa shambani asubuhi iko kwenye kijito ifikapo jioni, kwenye kijito kilekile ambamo kamba mchanga amelazimika kushuka. Mara nyingi mwenye shamba na mwenye nyavu ni watu wa nyumba moja.

Halafu shamba lenyewe halidumu. Baada ya miaka michache magugu hushinda, mavuno hushuka, na mkulima husogea kukata kipande kingine. Kule alikotoka, magugu marefu na mimea itambaayo hufunika ardhi na kuizuia miche ya mikoko isishike. Mahali pengine mti hurudi wenyewe kama maji ya bahari yanafika. Mahali pengine haurudi bila mkono wa mtu. Kisheria mikoko yote ya Tanzania bara ni hifadhi ya serikali, kwa hiyo mkulima huyu huonekana mvamizi kwenye ardhi aliyozikwa babu yake. Marehemu Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeandaa mpango wa kwanza wa usimamizi wa mikoko ya bara, uliotoka mwaka 1991, aliligusa jambo hili mapema: mpango ule uliigawa mikoko katika kanda, kutoka zile za kulindwa kabisa hadi za kuvunwa, za kurudishiwa miti na za maendeleo. Msingi wake ulikuwa kukubali kwamba watu wapo humo ndani. Bado nauona kuwa sahihi kuliko fikra ya kuwaondoa.

Kutoka Afrika Magharibi kuna la kujifunza. Guinea-Bissau na kusini mwa Senegali watu wamelima mpunga kwenye ardhi ya mikoko kwa karne nyingi. Huko hawarushi mbegu topeni. Huotesha miche nchi kavu, huiacha ikomae na kurefuka, ndipo huipandikiza, na gando la kaa huikata kwa shida. Kuna mkulima wa Rufiji anayefanya vivyo hivyo tayari. Msaada wa kilimo ungeanzia kwake.

Lipo jambo jingine lililo mbali na mikono ya mkulima na mvuvi. Bwawa la Julius Nyerere, lililoko juu kwenye mto huu na lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022. Bwawa lolote huzuia tope, na delta imejengwa kwa tope. Bwawa hubadilisha pia saa za mto: maji huja pale umeme unapohitajika au bwawa linapojaa, si lazima pale mvua inaponyesha. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozamisha mashamba na nyumba Kibiti na Rufiji yalionyesha jinsi watu wa chini ya mto wanavyoishi kwa kutegemea kinachoamuliwa juu yake. Maji baridi yakipungua wakati wa masika, chumvi itapanda mto, mkomafi na msikundazi watarudi nyuma, mpunga utaungua, na kamba watakosa msukumo wa kutoka. Yakija kwa kishindo, miche na mbegu vitasombwa. Kaa, tondo, mchu na mpunga wote walipanga maisha yao kwa kalenda ya mto uleule.

Kwa hiyo wanaopanga namna ya kufungulia maji kule bwawani wanapaswa kuihesabu delta kama mtumiaji wa maji, mwenye msimu wake na kiasi chake, sawa na mtambo wowote. Wanaosimamia misitu wawape wakulima wa deltani mashamba ya kudumu kwenye maeneo ambayo mikoko imekwisha kuondoka, ili wasilazimike kusogea kila baada ya misimu michache. Na wewe mkulima, ndugu yangu, pandikiza mche mrefu, chunga zamu yako ya dungu, lakini sumu ya kaa isiingie shambani. Inayomuua kaa leo ndiyo inayomuua kamba wa mwanao.